Shabaha kabla ya Mita: Historia ya Kurusha kwa Kulenga, Kuanzia Nyanda za Ituri

Ujuzi wa kurusha kitu kikapige pale kilipolengwa umefuata sura ya nchi, na mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Mji mdogo wa Fataki uko katika nyanda za juu za wilaya ya Djugu, kaskazini mwa Bunia na magharibi mwa Ziwa Albert. Ni nchi ya vilima na majani, ambako Wahema wamechunga ng'ombe na Walendu wamelima, na jamii zote mbili zilitumia mikuki, pinde na mishale. Mahali pa wazi kama hapo mnyama humwona mtu kutoka mbali. Mwindaji au mchungaji hawezi kumsogelea hadi amguse, kwa hiyo silaha yake haina budi kuruka.

Ukishuka kuelekea magharibi, ndani ya msitu wa Mambasa na Epulu, mambo hugeuka. Miti na matawi hayaachi njia ya mkuki kupita hewani. Wambuti wanaowinda kwa nyavu huwaacha wanawake na watoto wawafukuze wanyama, nao wanaume husubiri kwenye nyavu wakiwa na mikuki ya kuchoma. Hata tembo aliwindwa kwa kunyemelewa na kuchomwa kutoka karibu, tendo la ushujaa wa ajabu kwa watu wenye vimo vifupi. Waefe, watu wengine wa msitu huo wanaoishi jirani na wakulima Walese, walikuza zaidi upinde. Msituni, basi, kulenga kulikuwa kazi ya mshale, na mkuki uliruka kwa nadra.

Kaskazini zaidi, katika nchi ya Uele, Wazande walikuwa na silaha ya aina nyingine: kisu cha kurusha chenye makali kadhaa yanayotazama pande tofauti, walichokiita kpinga. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita huko mwaka 1870, alichora visu vya aina hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1875. Kisu kilizunguka hewani, na kwa sababu ya makali yake mengi kilikuwa na nafasi kubwa ya kujeruhi kwa upande wowote kitakaofika nao. Ustadi wa mfua chuma ulimsaidia mrushaji: sehemu ya shabaha ilikuwa imekwisha kufuliwa ndani ya chuma chenyewe.

Mkuki hautoi msaada huo. Una ncha moja tu, ndiyo maana mafunzo yake yalianza utotoni. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto wa wafugaji walibingirisha pete ya miti, na wenzao wakarusha vijiti kuipenya ikiwa bado mbioni. Mchezo huo ulifundisha jambo gumu kuliko yote, yaani kulenga mahali ambapo kitu kitakuwa, si mahali kilipo. Nchini Rwanda mafunzo yalipewa mahali rasmi: vijana wa intore waliolelewa katika jumba la mwami, yaani mfalme, walijifunza kurusha mkuki na kupiga upinde pamoja na kuruka juu na kucheza ngoma.

Ugumu wenyewe umepimwa. Mwaka 1983 mtaalamu wa neva wa Marekani, William Calvin, alikokotoa muda alio nao mrushaji wa kuachia jiwe ili limpige mnyama mwenye ukubwa wa sungura. Akiwa umbali wa mita 4, ana takribani sehemu 11 kati ya 1,000 za sekunde. Umbali ukiongezeka mara mbili tu, hadi mita 8, muda huo hupungua hadi kama sehemu moja na nusu. Jiwe likiachiwa mapema hupita juu. Likicheleweshwa huanguka mbele ya shabaha. Aliyempiga kwa mkuki mnyama anayekimbia alikuwa akifanya kazi ya mwili na ubongo inayostahili heshima sawa na ya mwanariadha yeyote.

Mchezo wa kisasa, hata hivyo, ulichagua kipimo kingine. Mkuki ulipoingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1908, mshindi alikuwa yule wa mbali zaidi, na shule za kikoloni na za misheni za Afrika Mashariki zilizofundisha riadha zilifuata kanuni hiyo. Kulenga kulibaki kama mpaka tu: mkuki sharti uangukie ndani ya eneo lenye pembe ya nyuzi 28.96, ukitanguliza ncha. Mwaka 1984 Mjerumani Uwe Hohn alirusha mita 104.80 mjini Berlin, umbali uliotishia kuzidi viwanja vyenyewe, na mwaka 1986 kitovu cha uzito wa mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele ili uanguke mapema. Ndani ya mfumo huo Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mbinu kwa kutazama video za intaneti, alirusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Ushindi wake ni fahari ya eneo zima, ingawa ulipimwa kwa utepe ambao mchungaji wa zamani hakuuhitaji.

Kushindanisha shabaha si wazo geni. Katika michezo ya Panathenaia ya Athens ya kale, wapanda farasi walirusha mikuki wakilenga ngao, na washindi walipewa mitungi ya mafuta ya zeituni. Siku hizi warushaji wa mikuki midogo inayosukumwa kwa kijiti, silaha ya kale sana ya wawindaji, wana shindano la kimataifa lenye mirusho 10: mitano kutoka mita 15 na mitano kutoka mita 20, kwa alama zisizozidi 100. Mchezo wa petanki, uliozaliwa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, una mashindano ya kulenga pekee. Mrushaji hurusha tufe la chuma kupiga shabaha iliyowekwa kwa namna tano tofauti, kutoka mita 6, 7, 8 na 9, naye pia hutafuta alama 100. Madagascar ilitwaa ubingwa wa dunia wa petanki ya watu watatu mwaka 1999 na tena mwaka 2016 ikiwa mwenyeji.

Iwapo mashindano ya kulenga yangeandaliwa Djugu, uchaguzi wa chombo ungekuwa suala zito. Katika vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, na katika mauaji yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, panga, mishale na mikuki viliua watu wa vijiji hivihivi, na Fataki ilishambuliwa na kukimbiwa na wakazi wake. Mkuki mbele ya umati hapo hauwezi kuwa kifaa cha michezo tu. Tufe, jiwe la mviringo au pete inayobingirishwa vinadai jicho lilelile na mkono uleule, na kiwanja kinachohitajika ni kipande cha ardhi tambarare chenye urefu wa mita 15.