Mkanda wa taimingi

Mkanda wa taimingi ni mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha krankishafti na kamshafti katika injini za magari mengi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba valvu zinafunguka na kufungwa kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huuita "taimingi belti". Mkanda huu huchakaa, na hutakiwa kubadilishwa kabla haujakatika, kwa sababu mara nyingi haukatiki kwa kutoa taarifa.

Kazi yake

Krankishafti ni mhimili wa chini wa injini unaozungushwa na pistoni. Kamshafti ni mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu. Katika injini ya mipigo minne, krankishafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo puli ya kamshafti huwa na meno mara mbili ya puli ya krankishafti. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,500, yaani mara 25 kwa sekunde. Meno ya mkanda huzuia usiteleze hata kidogo.

Mkanda hutengenezwa kwa mpira wa sintetiki ulioimarishwa kwa nyuzi za kioo. Katika baadhi ya injini, kwa mfano 3S-FE ya Toyota, mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya maji.

Historia

Zamani kamshafti ilizungushwa kwa gia au mnyororo wa chuma. Gari dogo la Kijerumani Glas 1004, lililoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndilo la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wenye meno. Mwaka 1966 kampuni za Fiat ya Italia na Pontiac ya Marekani nazo zilitoa injini za aina hiyo. Mkanda ulipendwa kwa sababu ni mwepesi, hauna kelele nyingi na hauhitaji kulainishwa kwa oili. Baadaye watengenezaji kadhaa walirudia mnyororo. Injini ya 1NZ-FE, inayopatikana katika Toyota Vitz na Probox nyingi, hutumia mnyororo, hivyo haina mkanda wa kubadilisha.

Madhara ya kukatika

Injini ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, valvu iliyofunguka huingia katika nafasi ambayo pistoni itapita. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama lakini pistoni huendelea kupanda na kuzigonga valvu. Valvu hupinda, na pengine pistoni hutoboka. Karibu injini zote za dizeli ni za aina hii. Katika aina ya pili, nafasi iliyopo hutosha, na gari huzima tu bila injini kuharibika. Mfano ni injini za petroli 4A-FE na 5A-FE za Toyota Corolla za miaka ya 1990.

Muda wa kubadilisha

Kitabu cha gari hutaja muda wake. Kwa kawaida ni kati ya kilomita 60,000 na 160,000, kutegemea injini. Umri nao huhesabiwa, kwani mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Oili inayovuja kwenye sili au maji ya radieta hufupisha maisha ya mkanda.

Toyota nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo huhesabu kilomita tu. Haipimi hali ya mkanda. Kwa hiyo kutowaka kwake si uthibitisho kwamba mkanda ni mzima, hasa kama iliwahi kurudishwa mwanzo bila mkanda kubadilishwa.

Katika magari yaliyotumika kutoka Japani, mara nyingi kuna stika ndani ya chumba cha injini, iliyoandikwa Kijapani, yenye tarehe na kilomita za mkanda kubadilishwa. Ikiwa hakuna stika wala kumbukumbu nyingine, ni salama kuuhesabu mkanda kuwa umekwisha muda.

Kubadilisha nyumbani

Mwenye gari aliyezoea spana anaweza kufanya kazi hii, akiwa na kitabu cha ufundi cha injini husika. Katika Corolla yenye injini ya 4A-FE, hatua kuu ni hizi:

1. Gari huegeshwa mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Waya hasi wa betri hufunguliwa. Gari likiinuliwa hukalishwa juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake.
2. Mikanda ya nje, plagi na kava ya valvu hutolewa. Injini huegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao, kisha maunti ya upande wa mkanda hufunguliwa.
3. Krankishafti huzungushwa kwa spana, kuelekea upande inakozunguka kwa kawaida, mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa na alama zote zilingane, za krankishafti na za kamshafti. Alama hizo hupigwa picha.
4. Puli ya nje ya krankishafti na kava za mkanda hutolewa. Roli ya kukazia hulegezwa na mkanda wa zamani huvuliwa. Kuanzia hapa hakuna mhimili unaozungushwa ovyo.
5. Roli hukaguliwa, ikivuma au kulegea hubadilishwa. Sili zinazovuja hubadilishwa pia.
6. Mkanda mpya huvishwa bila kukunjwa wala kusukumwa kwa bisibisi, ukiwa umenyooka upande usio na roli. Kisha roli huukaza kama kitabu kinavyoelekeza.
7. Krankishafti huzungushwa mizunguko miwili kamili kwa mkono, na alama hutazamwa upya.

Hatua ya saba ndiyo muhimu kuliko zote. Spana ikigoma katikati ya mzunguko, hailazimishwi, kwa kuwa huenda valvu imegusa pistoni. Alama zikitofautiana hata kwa jino moja, kazi hurudiwa. Jino moja huweza kulifanya gari likose nguvu na kula mafuta. Meno zaidi huweza kulizuia lisiwake au kupinda valvu. Starta haitumiwi kufanya jaribio hili, kwa sababu nguvu yake huficha kizuizi ambacho mkono ungekihisi.

Mwishoni vifaa hurudishwa na bolti hukazwa kwa kipimo cha kitabu. Tarehe na kilomita huandikwa mahali panapoonekana ndani ya chumba cha injini.

Kazi za kumwachia fundi

Si injini zote zinafaa kwa anayejifunza. Mitsubishi 4D56 ya dizeli, iliyomo katika Pajero na L200 nyingi, ina mkanda wa pili wa mihimili ya kupunguza mtikisiko, nao una alama zake. Mkanda huo mdogo ukikatika unaweza kuuharibu ule mkubwa, hivyo yote miwili hubadilishwa pamoja.

Tazama pia

Injini ya mwako wa ndani
Kamshafti
Krankishafti
Pistoni
Valvu