Ziwa Lililochorwa kwa Kusikia

Wanafunzi wa Bukoba na Muleba, leo tutasoma habari za ramani ya ziwa letu.

Mwaka 1856 ilichapwa huko Ulaya ramani ya Erhardt na Rebmann, wamisionari waliofanya kazi Rabai, karibu na Mombasa. Wao hawakufika huku. Waliwauliza wasafiri, na kila msafiri alisema kwamba njia yake huishia penye maji mengi. Basi wakayaunganisha maji yote: Victoria, Tanganyika na Nyasa yakawa ziwa moja!

Mwaka 1858 Speke aliliona Victoria karibu na Mwanza. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka kwa mashua. Ramani ikanyooka, lakini watu wa Bumbire, huko Muleba, walipigwa risasi naye.

Mchoraji hutia buluu penye maji, na kivuli upande mmoja wa kilima ili kionekane kimeinuka. Hupendeza sana. Lakini hata ziwa lisilokuwako laweza kutiwa buluu nzuri.

Kazi yenu: choreni kijiji chenu, mtie rangi na vivuli. Lakini kwanza tembeeni, mkaone kwa macho.