Nusukaputi na Akili za Wazee

Shaka kwamba upasuaji unaweza kumpunguzia mgonjwa akili aliyoingia nayo hospitalini ina umri unaokaribia ule wa nusukaputi yenyewe, yaani usingizi mzito wa dawa unaoondoa fahamu na maumivu. Etha, dawa ya usingizi huo, ilionyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, ikaenea Ulaya ndani ya miezi michache, na ilipofika mwaka 1887 George Savage, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Bethlem, London, alikwisha kuchapisha maelezo ya wagonjwa waliorukwa na akili baada ya kupewa dawa za usingizi.

Aliyelifufua jambo hilo kwa nguvu ni P. D. Bedford, daktari wa Oxford, katika makala aliyoichapisha mwaka 1955 katika jarida la Lancet. Kilichomsukuma ni maneno ya jamaa na marafiki, waliosema kwamba mzee wao hakuwa tena yule wa zamani tangu apasuliwe; na ni haki kukiri kwamba watu hao, wasio na kipimo chochote isipokuwa kuishi na mgonjwa, waliona yale ambayo madaktari wengi hawakuyatazama. Bedford alipitia habari za wagonjwa 1,193 waliozidi umri wa miaka 50, akawakuta 18 waliopotewa na akili kabisa, akazishuku dawa zenyewe pamoja na kushuka kwa shinikizo la damu, na akashauri wazee wasipasuliwe pasipo ulazima wa kweli. Udhaifu wa kazi yake ni kwamba akili za wagonjwa hao hazikuwa zimepimwa kabla ya upasuaji, hivyo isingewezekana kujua kwa yakini nani alikuwa ameanza kusahau tangu awali.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1998, utafiti wa nchi kadhaa ulipowapima wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi, kabla na baada ya upasuaji, ukawalinganisha na watu wasiopasuliwa. Baada ya wiki moja asilimia 25.8 walikuwa wamepungukiwa, na baada ya miezi mitatu asilimia 9.9, ilhali miongoni mwa wasiopasuliwa viwango vilikuwa asilimia 3.4 na 2.8. Ajabu ni kwamba upungufu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu, washukiwa wa miaka mingi, havikuonekana kuwa chanzo. Umri ndio uliojitokeza.

Kwa hiyo macho yaligeukia jeraha lenyewe la upasuaji, ambalo huamsha kinga ya mwili hadi athari zake zikafika kwenye ubongo, na kutoka hapo yakafika kwenye epijenetiki, neno lililobuniwa na Conrad Waddington mwaka 1942 na ambalo sasa hutaja alama za kikemikali zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, bila kubadili maandishi ya jeni hizo. Alama mojawapo ni asetili, ambayo hubandikwa kwenye histoni, protini zinazozungukwa na uzi wa DNA kama uzi kwenye kibiringo: asetili ikiwapo uzi hulegea na jeni husomeka, ikiondolewa uzi hukazika. Katika majaribio ya panya wazee waliopasuliwa wakiwa usingizini, asetili ilipungua katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, na pamoja nayo ikapungua protini ya BDNF, inayolisha miunganiko ya neva. Walipopewa dawa za kuzuia asetili isiondolewe, uwezo wao wa kukumbuka uliimarika.

Kwa binadamu njia ni nyembamba zaidi, kwa sababu kipande cha hipokampasi ya mtu aliye hai hakikatwi kwa ajili ya uchunguzi tu, na watafiti hulazimika kusoma alama hizo katika damu, ambayo chembe zake zina alama zake zenyewe, zisizolingana daima na zile za ubongo.