Samaki wa Songa na mahame ya njia ya Ubundu

Kila mara mzozo wa ardhi unapozungumzwa hapa Lubunga, swali linalorudi ni moja: nani alitangulia kufika? Tangu mwezi wa pili mwaka 2023, mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola yamefukuza maelfu ya familia kutoka ng'ambo ya kushoto ya mto. Wengine wanasoma habari hii kwenye simu ya jirani, wengine wanasomewa na mtoto chini ya turubai. Swali la nani ana haki ya shamba gani ni la mahakama na la wazee, mimi sitalijibu. Ila njia ile ambayo wengi waliifuata kwa miguu wakikimbia, njia ya reli kutoka Lubunga hadi Ubundu, ina historia ndefu kuliko ile inayosemwa mikutanoni.

Nchi nyingine watu hupanda milima kutafuta historia ya namna hiyo. Kule Lesotho, upande wa Quthing, mgeni huonyeshwa mwamba wenye nyayo za dinosauri, karibu kabisa na nyumba za watu, na wanakijiji hupata chochote kutokana na wageni hao. Sisi Tshopo hatuna milima. Tuna maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika kwa karibu kilomita 100 kati ya Ubundu na Kisangani, ambapo Lualaba inashuka kama mita 60 hivi, kisha inabadilisha jina na kuitwa Kongo. Na kando ya mto huo tuna mawe ambayo umri wake unalingana na wa dinosauri.

Mahali penyewe panaitwa Songa. Mawe ya pale ni ya chokaa iliyoganda tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Ukiyapasua kwa uangalifu unakuta samaki: magamba, miiba, mapezi, wakati mwingine mwili mzima umelala ubavu. Walikufa zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Wataalamu wa kwanza waliwaweka mwishoni mwa enzi ya Jurasiki. Watafiti wa baadaye wakawasogeza nyuma hadi katikati ya enzi hiyo hiyo. Kwa vyovyote vile, dinosauri walikuwa wanatembea duniani wakati samaki hao wanazama.

Ili samaki ahifadhiwe hivyo, maji ya chini yanapaswa kuwa yametulia na kukosa hewa, mzoga usipate wa kuula, na matope laini yaushukie polepole miaka na miaka. Kwa hiyo pale ambapo leo mto unapiga kelele usiku kucha, zamani palikuwa na maji mapana yaliyolala kimya. Maji gani? Hapo ndipo wasomi walipogombana. Edgard Casier, aliyechapisha kazi yake mwaka 1962, aliwaita samaki wa chokaa ya Songa samaki wa bahari. Baada yake wengine wakasema hapana, hilo lilikuwa ziwa kubwa la bara. Wanaoyajua mambo hayo siku hizi wanaegemea zaidi upande wa ziwa, nami nikitazama ramani, umbali wa kutoka hapa hadi chumvi ya karibu, naona ni rahisi kuwaelewa.

Samaki mmoja wa kwanza kupewa jina la kisayansi anaitwa Lepidotes congolensis. Aliandikwa mwaka 1917 na Louis Hussakof, kutokana na mawe yaliyobebwa na msafara wa jumba la makumbusho la Marekani uliozunguka Kongo kati ya 1909 na 1915. Mwaka 1955 Pierre de Saint-Seine alichapisha kitabu kizima juu ya samaki wa mawe ya Stanleyville. Ndani yake kuna mmoja aitwaye Lualabaea, yaani amepewa jina la mto wetu. Huyo ni wa ukoo wa silakanti, samaki ambao wanasayansi walidhani wameisha kabisa duniani hadi mvuvi wa Afrika Kusini alipomtoa mmoja akiwa hai mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga, Tanzania, nao wamewavua kwenye nyavu zao mara kadhaa. Miaka ya karibuni Mbelgiji Louis Taverne amewachunguza upya samaki wa Songa, akawapa wengine majina kama Songaichthys na Kisanganichthys. Kijiji na mji vimeingia katika vitabu vya dunia nzima, na watoto wengi wa mji huo hawajawahi kusikia.

Sababu ni rahisi: mawe yenyewe hayapo hapa. Sehemu kubwa iko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba lililojengwa na Leopold wa Pili. Hatuko peke yetu. Kule Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosauri kuanzia 1909 hadi 1913, na wapagazi Waafrika waliibeba kichwani na mabegani hadi bandarini, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa ile bado imesimama Berlin, na Watanzania wameanza kuuliza kwa sauti lini itarudi. Sisi hatujauliza hata samaki wetu wako wangapi.

Sasa tuje kwa watu.

Yeyote aliyelima ng'ambo ya kushoto anajua mahame. Unakata msitu unaouita wa mwanzo, halafu unakuta michikichi imesimama kwa kundi mahali ambapo haikutarajiwa, msafu mmoja mzee, na jembe linatoa vigae vya chungu chenye michoro ambayo bibi yako hakuwahi kuichora. Hapo palikuwa na kijiji. Mchikichi hauoti kwenye kivuli kizito cha msitu mkubwa. Unataka jua, na jua humaanisha kwamba mtu aliwahi kufyeka. Wachimbaji wa historia hutumia alama hizo hizo. Juu kabisa ya Lualaba, Katanga, kwenye ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957 na 1958. Walikuta watu wa karne ya 8 na zilizofuata, waliozikwa na vyungu vizuri, mapambo ya shaba na vyombo vya chuma. Ni wakati ule ule ambao vitabu vya Ulaya huuita zama za kati, wakisimulia ngome na mashujaa wao. Watu wa Sanga waliishi kwa samaki wa mto huu huu tunaokunywa.

Katika Tshopo wenye historia ya maji iliyo wazi zaidi ni Wagenya. Mgeni huwaona kwenye maporomoko ya hapa mjini, miti mirefu imesimikwa kwenye mashimo ya mwamba, imefungwa kwa kamba za msituni bila msumari, na mitego mikubwa mfano wa pembe imening'inizwa kwenye mkondo. Anapiga picha, anaondoka. Asichokiona ni kwamba kila mahali pa kusimika mti pana mwenyewe, pana ukoo, pana urithi kutoka kwa baba. Ile ni hati ya ardhi iliyoandikwa juu ya mwamba, na haijawahi kupita ofisini.

Stanley alishuka maporomoko haya mwezi wa kwanza mwaka 1877 akiwa na wapagazi na askari kutoka Zanzibar, akipigana na watu wa kando ya mto karibu kila siku. Mwishoni mwa 1883 alirudi akaacha kituo. Mwaka 1886 watu wa Tippu Tip walikiteka, na mwaka 1887 Leopold, kwa kukosa nguvu ya kuwatoa, alimfanya Tippu Tip mwenyewe kuwa gavana wa Stanley Falls. Watu hao walileta mchele, walileta utumwa, na walileta Kiswahili hiki ninachokiandika. Ni jambo la kukumbuka mtu anapodai kwamba fulani ni mgeni kwa sababu ya lugha yake, maana lugha ya mdai pia ilikuja kwa mtumbwi.

Kisha reli. Mwaka 1906 treni ilianza kutembea kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, kilomita 125, kwa sababu meli haziwezi kupita maporomoko. Naona tarehe hiyo ni ya muhimu kuliko ile ya Stanley. Kabla yake watu waliishi pale walipoona panafaa: karibu na kijito, karibu na makaburi yao, mbali na adui. Baada yake serikali ilitaka watu wakae kando ya reli na barabara, ili wahesabiwe, watozwe kodi, wapewe kazi ya lazima, na wachunguzwe ugonjwa wa malale. Amri ya 1910 iliweka mashefu rasmi na mipaka yao. Ile ya 1933 ikaunda sekta, ikichanganya ndani ya mpaka mmoja koo ambazo hazikuwa na shefu mmoja. Vijiji vikahama. Vingine vilihama mara mbili, mara tatu, vikibeba jina lile lile.

Ndiyo maana wazee wawili wanaweza kutaja kijiji kimoja, kila mmoja akaonyesha upande wake, na wote wasiwe waongo. Mmoja anataja pale babu alipozikwa. Mwingine anataja pale serikali ilipoandika. Kati yao pana mahame, na msitu uliorudi.

Njia hiyo pia ilipata kuitwa kwa namba. Kilomita 7, kilomita 25, kilomita 41: Lula, Kasese, Biaro. Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda walijaa pale kwa makumi ya maelfu, na mwezi wa nne mwaka huo wengi waliuawa au kutawanywa msituni. Wenyeji waliona, na wenyeji wengine nao walikimbia. Familia iliyoondoka pale mwaka 2023 huenda ilikuwa inakimbia kwa mara ya pili au ya tatu katika maisha ya mama mmoja.

Kwa hiyo nina ombi kwa walio kwenye maeneo ya wakimbizi wa ndani, hasa vijana wenye daftari. Wazee mlio nao hapo ndio maktaba pekee ya mahame yale, na wengi hawakuandikwa popote. Waulizeni majina: kijiji kilikuwa wapi kabla ya reli, kijito gani, mti gani ulikuwa alama, nani alizikwa pale, ukoo gani ulikuwa jirani na waliazimana nini. Andikeni pia jina ambalo jirani wa kabila lingine alilitumia kwa mahali hapo hapo. Msiandike kwa ajili ya kushinda kesi, maana mzee akijua hivyo atasimulia kama shahidi, na mambo madogo yenye thamani atayaruka.

Na siku njia itakapofunguka, ukikuta jiwe lenye samaki au kigae chenye michoro, usilipasue kuona ndani kuna nini, wala usimuuzie mpita njia. Jiwe lililohamishwa bila kuandikwa lilitoka tabaka gani limepoteza nusu ya habari yake. Piga picha likiwa pale pale, weka kalamu au sanduku la kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, andika jina la kijito na upande wa mto, mwambie shefu wa kijiji, kisha peleka picha Chuo Kikuu cha Kisangani, kwenye kitivo cha sayansi. Kwa toleka kutoka kivukoni ni safari fupi.