Alhamisi Bila Televisheni

Tarehe 30 Septemba, 1966, televisheni ya taifa ilianza kuonyeshwa katika Iceland, kisiwa cha volkeno na theluji kilichoko kaskazini ya bahari ya Atlantiki, ambacho watu wake wakati ule hawakutimia 200,000. Mwanzoni ilionyeshwa siku chache tu kwa juma. Siku zilipoongezwa hata zikawa sita, Alhamisi iliachwa tupu; na kila ulipofika Julai, ambao kwao ni wakati wa jua na likizo, kituo kilifungwa mwezi mzima. Kimya cha Julai kilidumu mpaka 1983, na cha Alhamisi mpaka 1987.

Simulizi za siku hizi zapenda kusema kuwa wakuu wa nchi walizima televisheni makusudi ili mume azungumze na mkewe na wazazi wakae na watoto wao. Ni simulizi tamu, walakini imepambwa. Kituo kilikuwa kidogo, fedha zilikuwa haba, na watumishi wake, kama watumishi wote, walistahili mapumziko. Julai ilikuwa yao. Neema iliyowafikia raia ilipita mlango wa uani, wala haipungui thamani kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, hofu ya televisheni ilitangulia televisheni ya taifa. Majeshi ya Marekani yaliyokaa Keflavík yalikuwa na kituo chao tangu 1955, na picha zake zilivuka ua wa kambi zikaingia katika nyumba za Reykjavík. Mwaka 1964 watu 60 wenye heshima katika nchi walipeleka ombi Bungeni, wakitaka picha hizo zisitoke nje ya kambi. Nchi ilikuwa jamhuri tangu 1944 tu. Lugha yake ilisemwa na watu wachache mno. Nao walijua kwamba mgeni asemaye sebuleni kila jioni hatimaye huwa mwenyeji.

Walichoogopa kukipoteza kilikuwa na jina: kvöldvaka, yaani kesha la jioni. Kwa karne nyingi, katika nyumba zilizojengwa kwa udongo na nyasi, jamaa na watumishi wa shamba walikusanyika usiku wa majira ya baridi katika chumba kimoja, ambamo walilala, walikula na kufanya kazi. Mmoja alisoma kwa sauti karibu na taa ya mafuta, mara visa vya mashujaa, mara tenzi, mara nyimbo za dini. Wengine walichambua sufu, walisokota nyuzi na kufuma soksi. Msomaji aliyelelewa kwa paukwa na pakawa hatahitaji kufafanuliwa zaidi. Lakini isidhaniwe kwamba watu wale walikaa pamoja kwa kuwa walipendana kuliko watu wa leo. Walikaa pamoja kwa kuwa taa ilikuwa moja na baridi ilikuwa nyingi.

Uingereza nayo ilikuwa na pengo lake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, televisheni ilinyamaza saa nzima, tangu saa kumi na mbili hata saa moja ya jioni, ili watoto wapelekwe kulala. Kituo cha biashara kilichoanza 1955 kilinung'unika kuwa saa ile yakipotezea fedha za matangazo. Na Charles Hill, waziri aliyesimamia mambo ya posta, aliona kwamba kulaza watoto ni kazi ya wazazi, si ya serikali. Pengo likazibwa Februari 1957.

Hoja ya Hill ina nguvu, na mfano wake ulishinda Iceland pia. Stöð 2, kituo cha watu binafsi, kilianza Oktoba 1986, ukiritimba wa taifa ukawa umekwisha. Tarehe 1 Oktoba, 1987, televisheni ya taifa ikafungua Alhamisi. Lakini hoja hiyo husahau kupima mzigo. Kimya cha nchi nzima hakikuwa na mkosaji: mtoto hakuweza kulia kwamba kwa jirani wanatazama, wala baba hakuitwa mkali. Kimya kilipotoka kituoni kikaachiwa sebule, kila nyumba ilipaswa kukipigania yenyewe, na mwenye kukidai akaonekana adui wa furaha. Leo, kila mkono ukiwa na simu yake, hata swichi moja ya kugombewa haipo. Jamaa waweza kuketi mkeka mmoja sikukuu nzima, kila mtu yuko katika nchi yake.

Watu wa Iceland hawakubaki mikono mitupu. Tangu miaka ya vita, ambapo karatasi haikubanwa kama bidhaa nyingine za kigeni, kitabu kimekuwa zawadi kubwa ya Noeli. Hufunguliwa usiku wa tarehe 24 Desemba, na wengi huanza kukisoma usiku ule ule. Na saa kumi na mbili ya jioni hiyo sikukuu huingia kwa kengele za kanisa kuu la Reykjavík. Walio mashambani na katika vijiji vya wavuvi hawawezi kuzisikia dirishani. Huzisikia katika redio, iliyowashwa mapema, jamaa wote wamekwisha vaa nguo za sikukuu, wakingoja.