Kabla Hujanunua CDI Nyingine, Jua Cheche Imetoka Wapi

Boda ikizima hapa Gakoromone, neno la kwanza utasikia ni "CDI imekufa." Unanunua mpya, inafungwa, na wakati mwingine shida iko palepale. Maoni yangu ni haya: hatubahatishi kwa sababu mafundi wetu hawana akili. Tunabahatisha kwa sababu hakuna aliyetusimulia hicho kisanduku kilichukua nafasi ya nini.

Twende pole pole. Karibu 1910, Mmarekani Charles Kettering alitengenezea magari ya Cadillac mfumo wa kuwasha kwa betri. Kazi ilifanywa na kontakti, vile vichuma viwili ndani ya distribyuta vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, umeme kwenye koili unakatika ghafla, na huko kukatika ndiko kunazaa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Shika hapo: cheche inatoka umeme unapokatwa, si unapowashwa.

Mfumo huo ulitawala zaidi ya miaka 60. Peugeot 504 nyingi zilizobeba wazee wetu ziliutumia. Uzuri wake, fundi aliuona kwa macho. Kontakti zikiungua, anapitisha msasa, anarekebisha nafasi, safari inaendelea. Ubaya wake, chuma kinachogongana mchana kutwa lazima kiishe, na cheche hafifu inaacha petroli bila kuungua. Marekani ilipokaza sheria ya moshi mwaka wa 1970, kampuni zikabanwa. Kwa modeli za 1973, Chrysler ilishaondoa kontakti kwenye magari yake ya petroli huko kwao.

Nafasi hiyo ikachukuliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni pikapu, na sisemi ile ya kubeba miraa! Ni sumaku ndogo yenye waya mwembamba uliozungushwa. Jino la chuma likipita karibu bila kuigusa, linazaa umeme kidogo, kama kusema "sasa!" Cha pili ni moduli. Inapokea hiyo ishara, na transista yake inakata umeme wa koili. CDI ya boda ni binamu yake: inajaza kapasita, halafu inamwaga umeme wote kwa koili mara moja. Lakini nayo inangoja pikapu iseme.

Serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008, boda zilijaa kila mtaa. Kisanduku kimezibwa, hakifunguki, basi tukazoea kubadilisha tu.

Sasa fikiria. Waya wa pikapu ukikatika ndani, CDI mpya itasikia nini? Pikipiki ikizima ikishapata moto na kuwaka ikipoa, pikapu nayo ni mshukiwa. Mita ya kawaida inapima hiyo kwa dakika chache. Usipopima, anayelipa ni mwenye boda, na pesa ya siku nzima imeenda hivyo.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukiambiwa CDI imekufa, uliza kwa heshima: "Fundi, pikapu umepima?" Wewe ushawahi kubadilishiwa CDI iliyokuwa nzima? Niambie hapo chini.