Bahati Nasibu ya Mlima Kenya

Mwaka 1919 mashamba ya pande za Nanyuki yaligawanywa kwa bahati nasibu. Si utani. Jina la jamaa likitoka, iwe Nairobi au London, basi ana shamba chini ya mlima ambao pengine hajawahi kuuona. Na sheria ya ardhi ya 1915 ilishampa mkataba wa miaka 999. Sharti lilikuwa uwe Mzungu uliyepigana vita. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo hivyo, wale walioiachia Nairobi jina la Kariokor, hawakupewa hata robo eka.

Leseni ya kuwinda nayo ilimpenda settla. Kabla ya vita, mgeni wa safari alilipa pauni 50, settla pauni 10 tu. Mkikuyu au Mndorobo aliyetega mnyama msituni bila karatasi? Huyo ni jangili.

Mwaka 1932, karibu na Nyeri, Treetops ikajengwa juu ya mugumo, mti ambao Wakikuyu huuheshimu kwa sala. Wageni sasa wakalipia kutazama wanyama. Mwaka 1954 Mau Mau wakaichoma.